Nilivyolinda Stoo Isiyo na Kahawa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nafunika uso kwa mikono miwili. Haikuwa siku ya vita wala ya msiba. Ilikuwa Jumamosi ya jua zuri, pale Kitswamba, nyumbani kwa kaka yake mke wangu. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja, kichwa kimeshaingia mvi, lakini akili yangu siku ile ilikuwa ya kijana wa miaka kumi na saba aliyeonja pombe kali ya waragi kwa mara ya kwanza. Nitakusimulia yote, na wewe usinikatize, maana nikikatizwa hapa sitapata ujasiri wa kuanza tena.

Kwanza unijue. Niliendesha lori miaka mingi, nikibeba saruji kutoka Hima hadi Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na kurudi na kahawa. Kiswahili hiki nilikipata kwenye usukani, kwa hiyo kikichechemea nivumilie. Kazi ya dereva ni kukaa. Unakaa, unakula nyama ya kando ya barabara, unakunywa soda mchana na kali jioni, kesho yake unakaa tena. Nilipoacha lori nikarudi kwetu Kyondo, mlimani, kulima kahawa pamoja na mke wangu Kabugho, nilirudi na tumbo la bwana mkubwa na nyayo zinazowaka moto bila kukanyaga moto.

Kiu nayo ilikuwa hainiachi. Nikaenda kupimwa Kasese mjini. Sikwenda Bwera, maana Bwera hata mbuzi wa sokoni wananijua. Kwenye kituo cha afya nilimkuta sista mmoja, binti mfupi mwenye sauti kubwa, akaniambia nina sukari na presha, vyote viwili. Akanipa vidonge, akanieleza namna ya kuvinywa. Halafu akauliza, bila hata kushusha ile sauti yake, "Na chumbani, muzee, mambo iko namna gani?"

Binti wa umri wa mwanangu wa mwisho! Nilihisi masikio yananichoma. Nikacheka kile kicheko cha madereva, nikasema, "Chumbani iko sawa kabisa, sista. Huyu unayemwona ni simba." Akaandika kwenye daftari lake, akaniita kesho kutwa nirudi kupimwa tena, nikaondoka nikitembea kifua mbele. Ulikuwa uongo mtupu. Ilikuwa imepita miezi minne simba hajanguruma.

Sasa sikiliza mambo ya huko kwetu. Kahawa ikiiva na kukaushwa, mwanamume hulala stooni na magunia yake, kwa sababu wezi wa kahawa hawana dini. Wiki tatu, mwezi, mpaka mnunuzi aje na lori. Hakuna mke anayeuliza kitu, na hakuna jirani anayecheka. Msimu ule kahawa yangu ilipoingia stooni, nilibeba mkeka na blanketi kwa furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa nimepata ruhusa ya kukimbia kitanda changu mwenyewe.

Maana kitandani ndiko nilikokuwa nikipata aibu. Nisikufiche, wewe ni mtu mzima. Nilikuwa nikijaribu nashindwa, nikishindwa nageukia ukutani, nikigeukia ukutani najifanya nakoroma. Kabugho hakuwahi kunicheka, hata mara moja. Aliwahi kuniwekea mkono mgongoni, akasema, "Tulale tu, Baba Masika, tumechoka." Masika ni binti yetu wa kwanza, na hilo ndilo jina analoniita. Badala ya kushukuru nikakasirika, nikauona ule mkono kama wa mtu anayembembeleza mgonjwa. Tena wakati huo wajukuu wawili walikuwa wamekuja kukaa nasi, mama yao yuko kazini Hima, wanalala chumba hicho hicho nyuma ya pazia. Nikasema moyoni, haya, sababu nyingine nzuri.

Mnunuzi akaja, kahawa ikauzwa, magunia yakaondoka. Mimi nikabaki stooni. Wiki ya kwanza nilisema nalinda mizani. Wiki ya pili nikasema kuna panya. Baadaye sikusema kitu tena, nikawa naenda tu na blanketi langu kama mtu anayekwenda kazini. Asubuhi moja Kabugho aliniletea uji, akasimama mlangoni akaangalia ile stoo, sakafu imefagiwa, haina hata punje moja.

"Baba Masika," akasema, "unalinda nini humu?"

"Nalinda stoo," nikamjibu kwa ukali. Akaweka kikombe chini, akaondoka. Nililinda stoo ile tupu kwa mwaka mmoja na nusu, mwanangu, misimu ikiingia na kutoka.

Ungedhani katika muda wote huo ningerudi kwa yule sista nikamwambia ukweli. Ng'o! Nilikwenda kwenye banda la pombe. Huko wataalamu hawakosekani. Mmoja, dereva mwenzangu wa zamani, akaniapia kwamba vile vidonge vya presha ndivyo vinavyommaliza mwanaume, wazungu wamevitengeneza makusudi. Nikaamini, kwa kuwa nilitaka kuamini. Nikaviweka vidonge vyangu ndani ya kopo la misumari, vya presha na vya sukari pamoja, nikafunika. Kabugho akiniuliza kama nimemeza dawa, namwambia nimemeza.

Halafu nikashuka Bwera siku ya soko. Pale karibu na mpaka kulikuwa na mama mmoja kutoka ng'ambo, ametandika turubai, amepanga chupa za mizizi. Sikusema shida yangu. Nilisema nina mgongo. Akanitazama toka juu mpaka chini, akatabasamu.

"Papa, mugongo yako ninaijua," akasema. "Wazee wote beko na hiyo mugongo. Kamata chupa moya hii. Mutu akikunywa, anarudia kijana. Hapana ogopa."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikaificha chupa ndani ya koti. Nilikunywa kijiko asubuhi, kijiko jioni. Nilichokipata ni moyo kwenda mbio, kichwa kugonga, na macho kuona ukungu. Kingine hakikubadilika, nikaificha chupa stooni ikiwa nusu. Hapo ndipo shetani aliponipata, maana nilikuwa nimelaumu vidonge, nimelaumu panya, nimelaumu wajukuu, na sasa aliyebaki kulaumiwa alikuwa mtu mmoja.

Nikaanza kumchunguza mke wangu. Akiimba kwaya nauliza anamwimbia nani. Akichelewa kisimani nahesabu hatua zake. Nikajiambia, huyu mwanamke amenifunga kwa uchawi, ama ana mtu, ama vyote viwili. Mwanamke niliyezaa naye watoto sita! Aliyelima shamba peke yake wakati mimi nazunguka na lori! Loo, mwanangu, akili ya mtu mwenye aibu inaweza kumpeleka mahali ambapo hata adui yake asingempeleka.

Basi Ijumaa jioni nikamwambia, "Kesho tunakwenda Kitswamba kumsalimu mama yako."

Uso wake ulichangamka. Ilikuwa muda mrefu sana sijamtoa kwenda popote. Asubuhi alivaa gomesi ya manjano, gauni alilolishona kwa ajili ya harusi ya mtoto wa jirani, akafunga kuku mmoja na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mama yake, na kahawa kidogo aliyoikaanga mwenyewe. Njiani alinisimulia hadithi za utoto wake, akanionyesha shule aliyosoma. Aliweka mkono wake juu ya wangu. Mimi nilikuwa nimekaa kimya kama maji ya mtungi, nikipanga maneno.

Shemeji yangu Masereka, kaka yake mkubwa, alitupokea vizuri. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba kuna jambo, kwa hiyo alikuwa amewaita wazee wawili wa ukoo wao. Kabugho alipowaona wale wazee alinitazama, akadhani labda kuna habari njema. Mama mkwe wangu alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Kwetu mkwe wa kiume hakai uso kwa uso na mama wa mkewe, na habari za kitanda hazitamkwi kabisa mahali sikio lake linapofika. Nilijua kwamba yupo pale. Nilikuwa nimemsikia akikohoa.

Nikasimama nikasema. Nikasema dada yenu amenifunga. Nikasema amenikataa, nalala stooni mwaka na nusu kama mlinzi wa kuajiriwa. Nikasema nilitoa mbuzi wote wa mahari mliotaka, sikubakiza hata mmoja, na sasa nataka kujua nilioa mke au nilioa mgeni. Maneno yalikuwa yananitoka kwa sauti, na kadiri nilivyokuwa nikisema ndivyo nilivyojisikia mwanaume. Nyuma ya pazia kikohozi kilinyamaza.

Masereka akamgeukia dada yake. Akamwuliza, "Kabugho, haya ni ya kweli?"

Fikiria alichoweza kusema. Alijua yote. Alijua kuhusu kuta nilizokuwa nikizigeukia, na kukoroma kwa uongo, na stoo tupu. Angesema sentensi moja tu, na wazee wale wangenicheka mpaka Kasese. Nilimwona akifungua mdomo, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ana ulimi.

Akasema, "Ni kweli, kaka. Mume wangu ni mzima. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyechoka. Nisameheni."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema mwanamke hachoki hivyo, anamwaibisha mama yake. Masereka akamwambia aniombe radhi mbele yao. Na Kabugho akashuka kutoka kwenye mkeka, akapiga magoti kwenye udongo mtupu, na ile gomesi yake ya manjano, akaniinamishia kichwa, akasema, "Nisamehe, baba."

Nami nikasema, "Nimekusamehe."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, mwanangu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi sana, na kila mara natafuta mahali ambapo ningeweza kuyameza. Nilikuwa na nafasi. Ningesema simama, mke wangu, anayeongopa ni mimi. Sikusema. Niliona haya kusema ukweli, na sikuona haya kumwona yeye akipiga magoti kwa uongo wangu.

Tuliagwa, tukaenda kusimama kando ya barabara ya Fort Portal kungoja gari la kuturudisha Kasese. Malori ya saruji yalikuwa yakipita, vumbi linatupiga. Kabugho alikuwa akijaribu kupangusa udongo kwenye magoti ya gomesi, na udongo ulikuwa ukizidi kuenea. Nilitaka kumwambia neno. Nikafungua mdomo, na barabara ikainuka ikanijia usoni.

Nilipozinduka nilikuwa kitandani kwenye kile kile kituo cha Kasese, na yule yule sista ananifunga mkono kwa mashine ya presha. Akaitazama mashine, akaitazama tena, akapiga mluzi. "Muzee, dawa yako unakunywa?"

"Nakunywa," nikasema. Hata hapo! Chali kitandani, bado nasema nakunywa.

Kabugho alikuwa amekaa pembeni. Akafungua mkoba wake, akatoa kile kifurushi cha vidonge nilichokificha kwenye kopo la misumari, na ile chupa ya mizizi ikiwa imebaki nusu. Alikuwa navyo siku nyingi, anatembea navyo, anangoja niseme mwenyewe. Akaviweka mezani mbele ya sista.

"Hakunywa," akasema. "Alikuwa anakunywa hii ya soko. Na kitandani mambo imekataa tangu kabla hujampa dawa. Yeye anaona haya kusema, lakini kwako mimi siwezi kuona haya. Mume wangu akifa, haya itanisaidia nini?"

Mbele ya ndugu zake alinifunika. Mbele ya mtu anayeweza kunitibu alinifunua. Mimi niliyazungusha mambo hayo kinyume kabisa, na ndiyo maana nililala pale.

Yule sista hakucheka. Alivuta kiti, akanieleza kama unavyomweleza fundi mwenzako. Alisema sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu na ile ya fahamu, ndiyo maana nyayo zinawaka, ndiyo maana na kule kwingine kunalala. Presha nayo inafanya hivyo hivyo. Pombe inaongeza. Mawazo na hofu vinaongeza, mtu akishindwa mara moja akaogopa, ile hofu inamfanya ashindwe mara ya pili. Alisema ni kweli kuna vidonge vya presha vinavyoweza kuleta shida hiyo kwa baadhi ya watu, lakini dawa ni kuja kusema ubadilishiwe, siyo kuviweka na misumari. Na ile chupa hakuna anayejua kilichomo, inaweza kuusimamisha moyo. Kisha akasema, "Muzee, nilikuuliza siku ile. Sikuuliza kwa kukucheka. Ninauliza wazee wote, na wote wananiambia beko simba."

Nililia, mwanangu. Nililia machozi ya kweli mbele ya wanawake wawili. Kabugho akanipa kitambaa, akatazama dirishani.

Nilirudi nyumbani nikabeba blanketi langu kutoka stooni mchana kweupe, majirani wakiona. Wajukuu tukawapangia chumba cha mbele. Pombe niliacha, kwa taabu, na mara mbili nikaanguka nikasimama. Nikaanza kutembea mlimani kila asubuhi hadi jasho linitoke. Vidonge vya presha nilibadilishiwa. Baada ya miezi kadhaa mambo yalianza kurudi, siyo kama ya dereva wa miaka thelathini, usitegemee hivyo, lakini yalirudi kwa kiasi cha wazee. Na usiku ambao hayarudi, tunaongea. Sikujua mke wangu anachekesha hivyo. Nilikuwa nimekaa naye miaka thelathini na nane sijui.

Ungependa niishie hapo, eh? Hata mimi ningependa.

Lakini kulikuwa na Kitswamba. Nilijua kwamba lazima nirudi, nisimame pale pale, niseme ukweli. Nikasema nitakwenda baada ya kuvuna. Tukavuna. Nikasema baada ya Krismasi. Krismasi ikapita. Kabugho hakunikumbusha hata siku moja, na mimi nikaufanya ukimya wake kuwa ruhusa. Nilikuwa nimetoka kwenye stoo moja nikajificha kwenye nyingine. Kisha asubuhi moja Masereka akapiga simu kwamba mama yao amefariki.

Tulikwenda kuzika. Siku ya tatu, watu wamepungua, nikamwomba Masereka awaite wale wazee wawili. Nikasema yote: miezi, ukuta, stoo, vidonge, chupa. Nikapiga magoti pale alipopiga mke wangu, kwenye udongo ule ule, nikamwomba Kabugho msamaha kwa jina lake. Masereka akasema neno ambalo nitakufa nalo.

"Shemeji, mama alikuwa anamwombea Kabugho kila jioni. Anamwomba Mungu ampe binti yake moyo wa kumheshimu mume wake. Hata wiki ile ya mwisho. Ungekuja mwezi uliopita tu."

Nilibaki chini. Kabugho ndiye aliyenishika kwapani, akasema, "Inuka, mzee, magoti yako hayajazoea." Wote wakacheka kidogo, hata Masereka. Mimi sikuweza. Yeye alikwenda mwenyewe mpaka kaburini, akasimama huko kitambo, na alichomwambia mama yake sijui. Sikumwuliza, sina haki hiyo.

Sasa nina miaka sitini na saba, na nawaona ninyi. Nawaona mnavyosimama kwenye zile turubai za Bwera na chupa ndani ya koti, wengine hawajafika hata hamsini. Kwa hiyo nasema bila kuzungusha. Mwili wa mwanaume unabadilika, na si uchawi wala si mke wako. Ukiona mabadiliko, kapime sukari, kapime presha, maana huko chini ndiko mwili unakopigia kelele kabla moyo haujalala. Dawa uliyopewa usiiache kwa sababu ya maneno ya banda la pombe. Sista akikuuliza ya chumbani, mjibu. Atasikia, ataandika, kesho amesahau, amesikia ya wengi. Na mkeo mwambie wa kwanza, kwa sababu yeye anajua tayari, anangoja tu umwamini. Usihame kitanda. Na kama umeshamwekea mke wako kosa lisilo lake mbele ya watu, usingoje kuvuna wala Krismasi. Nenda leo, wakati wale waliosikia uongo wako bado wanaweza kusikia ukweli.

Nilipomwambia Kabugho kwamba nataka kuwasimulia vijana habari hii, alikuwa akichambua kahawa. Nilidhani atanikataza. Akasema bila kuinua kichwa, "Waambie. Lakini lile la magoti usiliache. Ukiliacha hilo, hujawaambia kitu."

Sijaliacha. Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe uzee wenye afya, na akikunyima nguvu asikunyime ulimi wa kusema umeishiwa. Akupe mke wa kukufunika, na wewe akupe moyo wa kumfunika yeye. Na siku utakapomkosea, maana utamkosea, akupe miguu ya kufika kwao kabla ya jeneza.